Pembe Ikitaka Kukuaibisha Jukwaani

Ukiunyoosha mrija wa pembe ya fa, ile ala ya shaba ya okestra inayoitwa pembe ya Kifaransa, unapata karibu mita 3.7, wa tarumbeta haufiki mita 1.5. Halafu mpiga pembe anatakiwa akae juu kabisa ya mrija huo mrefu, mahali ambapo noti zimebanana: vidole vilevile, tofauti ni kukaza midomo kidogo tu. Ukikaza kupita kiasi umeangukia noti ya jirani, na ukumbi mzima umesikia. Dawa ni kuiimba noti kimoyomoyo kabla ya kupuliza, na kuvuta pumzi kwa mwendo wa wimbo wenyewe. Noti inayodokolewa kwa woga ndiyo hupasuka. Aibu nyingine hazitoki midomoni, zinatoka kwenye chombo, na hizo zina kinga.

Tuanze na maji. Wasikilizaji huamini ni mate, kumbe sehemu kubwa ni mvuke wa pumzi uliopoa ndani ya shaba. Yakijaa kwenye mikunjo, pembe inaanza kusukutua katikati ya wimbo wa taratibu. Kuizungusha pembe kama usukani hutoa maji ya mrija mkuu. Yale ya mirija ya valvu (vilango vya hewa vinavyoendeshwa kwa vibonyezo vya vidole), hasa ya valvu ya tatu, hayatoki mpaka uchomoe mrija wenyewe. Bonyeza valvu yake kwanza, ndipo uvute. Usipobonyeza, hewa hunaswa ndani na mrija hutoka kwa mlio wa “po!”, mara nyingi fidla zikiwa zinanong'ona. Weka kitambaa sakafuni, maana kiatu cha jirani si beseni. Na kabla ya sehemu ambazo mtunzi Mahler ameagiza vinywa vya pembe (yale matundu mapana ya kutolea sauti) viinuliwe, hakikisha umemwaga yote, la sivyo yatahama na kukukoroga noti ukiwa umeinua.

Uzi unaounganisha kibonyezo na valvu hukatika bila kuaga. Kibonyezo kinalegea chini ya kidole na noti zote za valvu ile zimekwenda. Kwenye mkoba weka bisibisi ndogo na uzi wa mshipi wa kusokotwa, vipande vya sentimita 20 kila kimoja, vitatu au vinne. Funga fundo, pitisha uzi kwenye tundu la kwanza la mkono wa kibonyezo, uzungushe upande mmoja wa kichwa cha valvu, ukate kona kwenye skrubu yake ndogo ili uchore umbo la nane, urudi upande wa pili hadi tundu la mwisho, kisha ubane chini ya skrubu ya huko. Kabla ya kukaza ile skrubu ya kichwani, linganisha kimo cha kibonyezo na wenzake. Wengi huharibu hapa: wanakaza kwanza, kibonyezo kinabaki kimesimama kama kidole cha mwalimu. Skrubu kubwa ya katikati usiiguse kabisa, haihusiki na uzi.

Kizibo cha kupunguza sauti kina mfano wa koni, na koni ikianguka haitulii, inabiringika mpaka kwa wapiga viola. Huanguka kwa sababu kinywa cha pembe kimelowa au vipande laini vya pembeni vimekauka. Vipulizie pumzi ya joto, ingiza, zungusha robo. Kitanzi cha kuvaa mkononi kinasaidia, ila kizibo kikining'inia hugonga shaba na kulia kama kengele.

Alama ya + juu ya noti ni kuziba kinywa cha pembe kwa kiganja. Sauti hupanda nusu toni, kwa hiyo, kama pembe yako ina pande mbili za mirija, tumia upande wa fa na vidole vya nusu toni chini. Na kwenye karatasi za Kijerumani, B ni noti ya “si bemoli” (“si” iliyoshushwa nusu toni) na H ni noti ya “si” yenyewe. Zungushia penseli.

Kuhesabu baa za kimya, yaani vipande vya muziki ambavyo hupigi (si zile za bia), kuna mtego wake. Wapiga pembe wanne hutegeana: wa kwanza akiinua pembe mapema, wote wanaingia naye. Kubalianeni kidole gotini kwenye kila herufi ya mazoezi, ile iliyochapwa kwenye karatasi kuonyesha mlipofika. Ila kuna sehemu zinazosikika kama kosa. Katika Simfonia namba 3 ya Beethoven, sehemu ya kwanza, pembe inaingia fidla zikiwa bado kwenye akodi (kundi la noti zinazolia pamoja) nyingine. Kwenye mazoezi ya kwanza Ferdinand Ries, mwanafunzi wake, alisema kwa sauti kwamba mpigaji hajui kuhesabu. Nusura Beethoven amzabe kofi.

Noti ikipasuka, usiigeuze pembe na kuikagua valvu kama fundi. Okestra nzima inaujua ujanja huo. Ikiwa iliyopasuka ni ya jirani, macho yabaki kwenye karatasi, na usimwage maji sekunde ileile.