Anza na mchicha: bustani ya mboga na watoto wa chekechea

Mwalimu mwenzangu, kama unafikiria kulima bustani na watoto wa chekechea, nakusihi usianze na nyanya. Mimi nilianza nazo hapa Morogoro. Nyanya zinataka kitalu, kuhamishwa, kusimikiwa vijiti, na karibu miezi mitatu mpaka ziive. Likizo ya Juni ikatukuta hatujavuna, hakukuwa na wa kumwagilia, na Julai tulikuta mashina makavu. Watoto waliniuliza nyanya zao ziko wapi. Swali lile liliniuma.

Sasa naanza na mchicha na kunde, wiki ya pili baada ya shule kufunguliwa. Mchicha huchomoza kwa siku nne au tano, na wiki ya nne unaingia sufuriani. Mbegu zake ni ndogo mno, kwa hiyo zichanganye na mchanga mkavu ili watoto wasizimwage zote mahali pamoja. Kunde ni punje kubwa, mtoto anaishika vizuri, na majani yake machanga ni mboga.

Siku ya tatu baada ya kupanda kunde, nilimkuta mtoto mmoja amefukua mstari mzima. Nikataka kumkaripia. Akaninyoshea punje iliyopasuka na kutoa mzizi mweupe: "Mwalimu, ina mkia!" Wenzake wote wakaja mbio kuangalia. Tangu siku hiyo kila muhula natenga tuta dogo la kufukua tu. Humo wanapanda, wanafukua, wanatazama, wanafukia tena, hata mara tano kwa siku. Tuta la mboga hawaligusi, maana hamu yao ya kujua imepata mahali pake. Ukichukua ushauri mmoja tu kwangu, chukua huu.

Tuta lisizidi upana wa sentimita 60, ili mkono wa mtoto ufike katikati bila kukanyaga. Kama hamna eneo, viroba au madumu ya lita 20 yaliyokatwa na kutobolewa chini yanatosha. Maji wamwagilie kwa chupa ya nusu lita yenye kifuniko kilichotobolewa kwa msumari. Ndoo huzoa mbegu zote. Na zungushieni matawi ya miiba, kuku hawana huruma.

Kwenye usalama usilegeze kamba. Mbegu za dukani zenye rangi nyekundu au ya kijani mara nyingi zimepakwa dawa, na mtoto hutia kila kitu mdomoni. Mimi hununua kunde za kula sokoni. Samadi iwe imeoza kabisa, uichanganye mwenyewe kabla watoto hawajaingia, na wakitoka wanawe kwa sabuni. Kagua pia ua wa shule: mnyonyo ung'oe, kwa sababu mbegu zake zenye madoa mazuri ni sumu kali. Viwavi tunaokota kwa mkono, dawa hatupulizi.

Vuneni asubuhi, pikeni siku hiyohiyo, watoto wachambue wenyewe. Usiung'oe mchicha, kata juu, utachipua tena. Mavuno yetu ya kwanza yalinywea sufuriani hadi yakabaki bakuli moja, kwa watoto 30. Kila mmoja alipata kijiko kimoja cha mchicha wa nazi. Wakaniambia haukutosha, basi kesho yake tukaongeza tuta.