Omba, Funga, Soma Neno, ila Usijaribu Kumlipa Mungu

Makanisa mengi ya hapa Dar es Salaam hufungua mwaka kwa maombi ya kufunga. Wengine siku 7, wengine 21, wapo wanaokwenda hadi 40. Napenda sana msimu huo. Watu wanapatanishwa, madeni ya maneno yanalipwa, vijana wanaokuja kanisani Krismasi na Pasaka tu utawakuta kwenye kesha. Lakini nimekuwa kiongozi wa jumuiya, kile kikundi cha waumini kinachokutana kuomba pamoja, kwa muda sasa, na najua kinachofuata. Februari ikianza kukolea, simu nazo zinaanza. "Kiongozi, nimepoa." "Ratiba ya kusoma Biblia imenishinda, naona hata aibu kuja jumuiya."

Mtu huyo hajaiba wala hajamwaga damu. Ameruka siku kadhaa za maombi, basi, na tayari anamkwepa Mungu kama mtu anavyomkwepa anayemdai. Hapo ndipo ninapoona shida. Ukishindwa kuomba halafu ukamkimbia yule uliyekuwa unamwomba, jua kwamba mahali fulani njiani maombi yako yaligeuka malipo.

Kuna na wenzao wa upande wa pili, hawa hawapigi simu kabisa. Ukimuuliza mmoja mbona haonekani, anakujibu, "Mungu anajua moyo wangu, tuko chini ya neema." Kwa huyu huwa nafungua Tito 2:11-12. Paulo anasema neema ya Mungu imefunuliwa, "nayo yatufundisha kukataa ubaya na tamaa za kidunia." Neema inafundisha. Kama miaka inapita na hujafundishwa kitu, ulimi ni uleule na hasira ni zilezile, basi hiyo unayoiita neema ichunguze upya.

Niwaeleze habari ya kijana mmoja wa jumuiya yetu, kwa ruhusa yake. Anauza vitenge Kariakoo. Aliyewahi kununua mzigo kule analijua swali: "Na risiti au bila risiti?" Bila risiti bei inashuka, mteja anaondoka anacheka. Alikuwa akiuza hivyo tangu afungue duka, na hakuona tatizo. Kisha, bila mahubiri yoyote kuhusu kodi na bila mtu kumkemea, jambo lile likaanza kumkosesha raha. Alituambia, "Nikitaka kuuliza lile swali, mdomo unakuwa mzito." Mimi naamini neema ilianzia hapo, kwenye kutaka, kabla hajanyoosha mkono kufanya chochote.

Halafu akafanya. Mashine ya risiti ilikuwa inakaa kwenye droo, chini ya daftari la madeni. Akaitoa, akaiweka juu ya kaunta upande anaosimama mteja, waya wa chaji ukipita mbele ya macho ya kila mtu. Akawaambia vijana wake wa dukani bei ni moja. Wateja wengine wakahamia duka la jirani, na kodi ya pango ilipofika ilimuuma kwelikweli. Kila Alhamisi alikuwa anaomba tumwombee asirudi nyuma. Sasa niambie, kazi ya Mungu iliishia wapi hapo, na ya kijana ikaanzia wapi? Mimi mstari huo siuoni. Angeomba tu huku mashine imelala kwenye droo, ningemwambia anamjaribu Mungu. Na angeitoa ili tumsifu, nadhani ingerudi drooni siku ileile mwenye nyumba alipokuja kudai pango.

Paulo naye aliyaweka mambo haya mawili katika pumzi moja. Wafilipi 2:12-13: "utimizeni wokovu wenu wenyewe kwa kuogopa na kutetemeka. Kwa maana ndiye Mungu atendaye kazi ndani yenu, kutaka kwenu na kutenda kwenu." Angalia lile "kwa maana". Hasemi tufanye kazi ili Mungu aanze. Anasema tufanye kwa sababu Mungu ameshaanza.

Ubishi wenyewe ni wa zamani. Mwanzoni mwa karne ya 5, Pelagio, mtawa aliyetoka Uingereza, alikerwa na ulegevu wa Wakristo wa Roma, akafundisha kwamba mtu anaweza kuzitii amri za Mungu kwa uwezo aliozaliwa nao. Kukerwa kwake nakuelewa. Agostino, askofu wa Hippo, mji ambao leo uko Algeria, akamjibu kwamba hata kulitaka jema ni zawadi, na mwaka 418 mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa Karthago ukayakataa mafundisho ya Pelagio. Hata hivyo yanarudi kila mhubiri anapotuambia kwamba asiyekesha hapokei.

Sisi wa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, tuliopita kipaimara tulifundishwa jibu tukiwa watoto. Katika Katekismo Ndogo ya mwaka 1529, Martin Luther anaeleza sehemu ya tatu ya Imani, lile ungamo linalosemwa ibadani, kwa kukiri kwamba hawezi kwa akili wala kwa nguvu zake kumwamini Yesu Kristo, bali Roho Mtakatifu ndiye aliyemwita kwa Injili. Aliyajua hayo kwa machungu: akiwa mtawa alifunga, akakesha, akaungama kwa saa nyingi, na amani haikuja. Ungetegemea mtu kama huyo atuambie tuache ratiba zote. Kumbe katika kijitabu hichohicho ameweka utaratibu wa sala. Ukiamka, fanya ishara ya msalaba, sema Imani na Baba Yetu, ongeza sala fupi, kisha nenda kazini kwa furaha. Jioni hivyohivyo, halafu ulale mara moja, bila wasiwasi. Ni sala unayoweza kuimaliza kabla maji ya chai hayajachemka.

Nauthamini ufupi huo kwa sababu najua maisha ya hapa. Mama anayetoka Chanika alfajiri ili awahi foleni, arudi usiku, apike, akague madaftari ya watoto, huyo usimpe ratiba ya mchungaji. Zaburi moja kwenye daladala, hata akiwa amesimama, inamtosha kuanzia, mradi aisome kweli. Kama unaishi hivyo, chagua kidogo unachoweza kukifanya hata siku mbaya. Hizo saa mbili za magoti zitakuja zenyewe siku ukiwa na nafasi, na utazifurahia.

Kabla ya kufunga, jiulize hivi: nisipomaliza siku zote, Mungu atanipenda pungufu? Moyo ukijibu ndiyo, funga siku moja tu kwanza, na siku hiyo usome Warumi 8 polepole, yote. Ukishaelewa kwamba umependwa kabla hujafunga, utafunga vizuri zaidi.

Umeruka wiki nzima ya kusoma Neno? Usikae kulipa sura za nyuma. Soma ya leo. Nimeona wengi wakiacha Biblia kabisa kwa sababu ya deni walilojiwekea wenyewe.

Ukitaka kujua kama unakua, usihesabu saa za maombi. Muulize dada wa kazi nyumbani kwako unaongeaje naye chumvi ikizidi. Jitazame konda anapokosea chenji yako.

Na usipambane peke yako. Wazee wetu wa Uamsho wa Afrika Mashariki, ule ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kuingia kwetu kupitia Bukoba, walikuwa na desturi ya kutembea nuruni: kusema wazi mbele ya ndugu pale ulipoanguka, ndugu nao wakamsifu Yesu kwa damu yake iliyokusafisha. Ilihitaji ujasiri wa mtu, na haikuwezekana bila neema. Natamani jumuiya zetu zirudi huko.

Kwa hiyo wewe uliyepoa, jumuiya yako ikikutana wiki hii, nenda. Usingoje upate moto kwanza. Ukifika waambie mapema, kabla ya wimbo wa kufunga, ili wapate muda wa kutosha wa kukuombea.