Ulichokilipia Ni Hicho Kifungua Kinywa

Msomaji mmoja ameniandikia kwa hasira. Amelipia mapumziko ya afya katikati ya msitu, na asubuhi ya kwanza akawekewa bakuli la uji wa nafaka isiyokobolewa, matunda na yai la kuchemsha. Anauliza: "Pesa yote ile kwa uji?" Ndiyo, dada yangu. Kwa uji.

Nakuelewa. Sisi tunaokwenda sehemu hizi huwa tumechoka hasa, na tumezoea kuona starehe ni meza iliyojaa soseji na keki. Mimi nilikwenda baada ya kipindi kirefu cha kula nimesimama, simu mkononi. Watu wangu wa karibu walisema najidekeza. Neno hilo linaniuma hadi leo, maana hakuna aliyeniuliza silali kwa nini.

Uji uliletwa wa moto, umeshafanya utando mwembamba juu, una ule ukakasi wa unga uliolowekwa tangu jana yake ukachachuka. Huwezi kuufakamia, utakuunguza. Basi unapuliza, unaonja, unasikiliza ndege, unaonja tena. Kabla bakuli halijafika nusu, mabega yangu yalikuwa yameshashuka. Huko ndiko kupona kwangu kulikoanzia, wala sioni haya kusema hivyo.

Waliotutangulia walichachusha unga kwa mazoea, na walikuwa sahihi: uchachu hupunguza faiteti, zile kemikali za nafaka zinazozuia mwili kufyonza vizuri madini ya chuma na zinki.

Kwa hiyo kula nje, si chumbani. Mwanga wa asubuhi ndio unaoiweka sawa saa ya mwili, na usiku usingizi huja kwa wakati wake. Kula taratibu, kwani taarifa ya shibe huchukua kama dakika 20 kufika kwenye ubongo. Onja uji kabla ya kuomba sukari. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima, na ikishuka chini ya nusu ya hapo ni bora zaidi. Wenye upungufu wa damu, chai na kahawa zisubiri kama saa moja baada ya kula, kwa sababu hubana madini ya chuma. Chungwa hufanya kinyume chake.

Na simu iache chumbani. Narudia, iache chumbani! Hujasafiri kwenda kupiga picha bakuli.

Kama una kisukari, au kuna nafaka tumbo lako halipatani nayo, mwambie mpishi siku unayofika, usingoje mezani. Ukiona bakuli ni kubwa, mwombe akupimie kidogo kesho yake, na umuulize unga wake anauchanganyaje. Mimi nilimuuliza wa kwetu, akaacha mwiko akanieleza mpaka chungu kikaanza kushika.