Mjomba wa Jukwaani anajibu: kitanda kinachozunguka na shemeji aliyekuja juu

SWALI: Mjomba shikamoo. Mi mwenyeji wa Pangani ila naishi Leicester huku Uingereza, mwaka wa tatu sasa. Nimejiunga na kikundi cha maigizo cha mtaani, watu wa kujitolea tu, yupo mwalimu mstaafu, fundi bomba, manesi wawili, tunafanya mazoezi kwenye ukumbi wa kanisa. Tunaandaa komedi ya Kifaransa inaitwa La Puce à l'oreille, na kazi yangu mi ni kuzungusha kitanda kutokea nyuma ya ukuta. Nikatuma picha ya kitanda kwenye grupu la familia, basi shemeji akaja juu, eti naenda kutangaza uzinzi, tena kanisani. Mama kanyamaza ila najua limemuuma. Nimwambieje? La pili, mwanzo tulicheka mpaka machozi, sasa wiki ya tano hakuna anayecheka, dairekta anasema ongezeni kasi, tunaongeza na bado hakuna kitu.
Binti wa Pangani

JIBU: Marahaba mwanangu. Tuanze na mama, maana mama akielewa shemeji atatulia. Usimtumie picha tena, mpigie simu umsimulie kisa chote kama hadithi, kwa sababu picha ya kitanda peke yake inasema uongo.

Mwambie kuna mke anaitwa Raymonde, mumewe Chandebise ni mkurugenzi wa kampuni ya bima Paris, na ghafla mume amepoa chumbani. Halafu posta inaleta kifurushi, ndani kuna ile mikanda ya mabegani ya kushikilia suruali ya mume, imerudishwa kutoka gesti yenye sifa mbaya. Mama yako hapo atashtuka mwenyewe. Raymonde anamwomba shoga yake Lucienne aandike barua ya mapenzi isiyo na jina, wamwite mume kule gesti wamfumanie. Kumbe mume hana mchepuko wowote, ile mikanda alimpa Camille, ndugu yake mdogo wa ukoo anayeishi pale nyumbani. Na mume akiipata barua anaona haiwezi kuwa yake yeye, anamtuma rafiki yake mtanashati Tournel, ila pia kamwonyesha barua mume wa Lucienne, Mhispania mwenye wivu na bastola, naye kautambua mwandiko wa mkewe. Wote hao wanakutana gesti saa ileile.

Hilo jina la mchezo, kiroboto sikioni, Wafaransa wanamaanisha kumtia mtu shaka. Ndo mchezo ulipo mwanangu, kwenye shaka. Sitakuficha, mpishi wa nyumba ile kweli anakutana na Camille gesti, hilo mama akikuuliza usikatae. Lakini Raymonde na mumewe wanamaliza wakiwa pamoja, na kilichotaka kuwaua wote ni kushuku bila kuuliza.

Na kitanda chako mwambie kina sababu. Georges Feydeau aliuandika mchezo huu ukaonyeshwa mara ya kwanza Paris mwaka 1907, enzi ambayo talaka ilikuwa imerudishwa Ufaransa tangu 1884 tu na uzinzi ulikuwa kosa la jinai mpaka 1975. Kwa hiyo fumanizi halikuwa kelele za mtaani tu, polisi alikuwa anaweza kuingia chumbani kuchukua ushahidi, kama kwetu mtu anavyobeba mjumbe wa nyumba kumi. Mwenye gesti ndo katega kitufe: wakija wafumaniaji unabonyeza, ukuta unazunguka, wapenzi wanaondoka na kitanda chao, kinakuja kitanda kingine kimelaliwa na mzee analalamika baridi yabisi. Wewe ndo unamleta yule mzee! Kwa maoni yangu wewe una kazi kubwa kuliko nusu ya waigizaji.

Sasa kicheko. Kasi sio kukimbia, na dairekta wako namheshimu ila hapo nadhani anatibu pasipouma. Wiki ya kwanza mlicheka kwa sababu hamkujua nini kinakuja, sasa mnajua, na waigizaji wanaingia mlangoni wakiwa wameshajua nani yuko ndani, uso unasema kabla ya jicho kuona. Mwambieni kila mmoja kabla ya kushika kitasa ajiulize namtafuta nani, namkimbia nani, nitapoteza nini nikikamatwa, na ahofu kwelikweli. Mtu anayeigiza ili achekeshe kwenye mchezo huu anaua kila kitu, mtu anayeogopa ndoa yake kuvunjika ndo anachekesha. Milango iwe milango halisi kuanzia leo, sio viti vilivyopangwa, ijulikane upi unafunguka ndani upi nje, maana sekunde moja ya kuhangaika na kitasa inaonekana mpaka siti ya mwisho. Yule anayecheza Chandebise ndo anacheza pia Poche, mbeba mizigo mlevi wa gesti aliyefanana naye kama pacha, basi mpeni mtu mmoja maalumu wa kumvalisha nyuma ya pazia na warudie kubadilisha nguo peke yao mpaka mikono izoee. Na wewe usisubiri maneno, subiri kidole cha mwigizaji kiguse kitufe, umwangalie kwenye tundu. Ukizungusha kitanda kabla ya kidole watu wanaona wewe, ukizungusha baada wanaona ajabu.

SWALI: Mjomba, sisi kikundi cha Mombasa tunataka kuucheza huohuo kwa Kiswahili, je tunahitaji kibali cha mtu? Na yule Camille asiyeweza kutamka konsonanti tunamfanyaje?
Msomaji wa Likoni

JIBU: Feydeau alifariki 1921, maandishi yake ya Kifaransa hayana mwenyewe tena. Tafsiri za Kiingereza ndo zina wenyewe, kwa mfano ile ya John Mortimer iliyochezwa London 1966, ukitafsiri kutoka hiyo utahitaji ruhusa. Kwa hiyo tafsirini kutoka Kifaransa chenyewe, na tuna bahati, kuna Waswahili wa Lubumbashi na Bujumbura wanaozijua lugha zote mbili vizuri kabisa, tafuteni mmoja mkae naye.

Camille ana tatizo la kaakaa, daktari anampa kaakaa la bandia la madini ya fedha. Msimcheke ulemavu, chezeni juhudi yake ya kutaka kueleweka na watu wasivyokuwa na subira naye. Kiswahili kitawasaidia kuliko Kifaransa kwa sababu karibu kila silabi yetu inaishia na irabu, "habari za asubuhi" inabaki "aai a auui" na msikilizaji makini anaipata. Basi mpeni sentensi za kila siku, ukumbi umwelewe mapema, wale wa stejini ndo wawe hawamwelewi.