Kabla hujampa Piriton: kwa mlezi mpya wa wazee wenye dimenshia

Kila kundi jipya la walezi likianza zamu, wiki haiishi kabla ya daftari la usiku kuandikwa maneno yaleyale: "Mzee alisumbua sana, akapewa dawa, akalala." Vijana wangu, mnakuja kwenye nyumba yetu ya wazee hapa Kisumu mkiwa mnajua kazi. Kugeuza mgonjwa kila baada ya saa 2 mnajua, presha mnapima vizuri, daipa mnabadilisha bila kumwaibisha mtu. Ni hayo maneno tu yanayotutia wasiwasi, kwa hiyo tuanze nayo.

1. Badiliko la ghafla si dimenshia

Dimenshia ni ugonjwa wa ubongo unaopunguza kumbukumbu na akili. Ile ya Alzheimer, ambayo ndiyo tunayoiona zaidi, huenda polepole kwa miezi na miaka. Haimgeuzi mtu kati ya Jumatatu na Jumatano. Ukiona mzee aliyekuwa mtulivu juzi leo anapiga kelele, anavua nguo au anakuita mwizi, kuna kitu kipya mwilini mwake, na hana maneno ya kukuambia ni nini.

Mambo huenda hivi, na yanajirudia karibu bila kubadilika. Chukua mama wa miaka 78, mwalimu mstaafu. Jumatatu asubuhi anaimba na wenzake. Jumanne saa nane usiku anaamka, anavua gauni, anatikisa mlango, anamsukuma mlezi. Mlezi yuko peke yake na wazee wengine 9 wamelala. Anafungua kabati, anatoa Piriton, dawa ya mafua na mzio, kidonge 1 cha miligramu 4, kwa sababu nyumbani kwao hata mtoto mwenye mafua hupewa akalala. Jumatano mama analala mpaka saa sita mchana. Chai hakunywa, na chati ya maji ina vikombe 2 siku nzima. Usiku anaamka na fujo zaidi, anaongezwa kidonge. Alhamisi anainuka akiyumba, miguu inajikwaa, anaanguka kando ya kitanda. Ijumaa ndipo muuguzi anaweka kiganja chini ya kitovu na kukuta tumbo gumu, limejaa, na mama anaruka kwa maumivu. Chati ya choo inaonyesha hajaenda haja kubwa kwa siku 6. Kinyesi kigumu kimebana njia ya mkojo, na kibofu kimefurika.

Sasa rudi Jumanne usiku. Mama alivua gauni kwa sababu alitaka kukojoa. Alitikisa mlango akitafuta choo. Alimsukuma mlezi kwa sababu mlezi alikuwa anamrudisha kitandani. Kila alichofanya kilikuwa na maana kamili, na dawa aliyopewa ndiyo iliyozidi kumfunga: Piriton hukausha mwili, hulegeza kibofu kisisukume mkojo, hupunguza mwendo wa matumbo na huchanganya akili ya mzee.

Sababu yake ielewe, usiikariri tu. Ubongo wenye Alzheimer umepungukiwa na asetilikolini, kemikali inayobeba kumbukumbu na umakini. Donepezili, dawa ya Alzheimer, ile ya miligramu 5 kisha 10 usiku, kazi yake ni kuzuia kidogo kilichobaki kisivunjwevunjwe. Piriton inaziba pale pale asetilikolini inapofanyia kazi. Familia inakamuliwa kila mwezi kununua donepezili, na wewe unaifuta kwa kidonge cha shilingi chache.

Piriton haiko peke yake. Ndugu zake ni promethazini, amitriptilini, haiyosini ya kutuliza tumbo, na benzheksoli, ambayo hospitalini hutolewa pamoja na haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili. Mzee akiletwa na mfuko wa dawa, zimwage zote mezani, zisome moja moja, kisha umpigie daktari umuulize kila moja ni ya nini. Usizisimamishe mwenyewe. Na haloperidoli si dawa ya kelele. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo lake kali zaidi kwamba dawa za kundi hilo, zile mpya, huongeza vifo kwa wazee wenye dimenshia, na mwaka 2008 ikaziongeza za zamani kama haloperidoli. Mzee anayeona watoto au wanyama ambao hawapo, na mwendo wake ni wa kuburuta miguu, huenda ana dimenshia ya Lewy. Huyo haloperidoli inaweza kumkakamaza mwili mzima, hata kumuua.

Basi usiku fujo ikianza, washa taa, jitaje jina, mpeleke chooni kwanza. Kisha pima joto, presha, mpigo wa moyo na pumzi. Pima sukari: ikiwa chini ya 4 na anameza vizuri, mpe nusu kikombe cha maji yenye vijiko vidogo 4 vya sukari, upime tena baada ya dakika 15. Tuko kando ya Ziwa, kwa hiyo kipimo cha malaria kifanywe hata kama mwili si wa moto, maana mzee anaweza kuwa na maambukizi makali bila homa. Gusa tumbo. Angalia mdomoni, meno ya bandia huchubua. Angalia masikio, kisigino na mgongo. Linganisha miguu: mmoja ukiwa mfupi na umegeukia nje baada ya kuanguka, usimsimamishe, huo ni mfupa wa nyonga. Aliyegonga kichwa wiki 3 zilizopita, hasa akiwa anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, anaweza kuwa anavuja damu taratibu leo. Fungua daftari uone dawa gani imeanza ndani ya wiki 2. Ukimaliza hayo, mpigie muuguzi. Inachukua dakika 20.

Na ile karatasi ya kupima mkojo ikibadilika rangi, usishangilie. Wazee wengi wana bakteria kwenye mkojo bila ugonjwa wowote. Kama hana maumivu, homa wala dalili nyingine, antibiotiki itamharisha tu, na chanzo chenyewe kitabaki palepale.

2. Aliyenyamaza ghafla ni mgonjwa zaidi

Mwenye kelele angalau mnamkimbilia. Yule mzee mcheshi ambaye tangu jana anasinzia mezani, anatafuna mara moja na kusahau kumeza, mnamsifu kwenye daftari: "Ametulia vizuri." Hajatulia. Mpime vilevile, hatua kwa hatua. Hawa ndio wanaofika hospitali wakiwa wamechelewa.

3. Maji na sahani

Vikombe 6 hadi 8 kwa siku, isipokuwa daktari amempunguzia kwa ajili ya moyo au figo. Chai inahesabiwa, uji unahesabiwa, tikiti maji pia. Usimuulize "Utakunywa maji?" kwa sababu atakataa hata kabla hajasikia swali. Mwekee kikombe mkononi, wewe chukua chako, kunywa mbele yake.

Ugali mweupe kwenye sahani nyeupe hauonekani kwa macho ya mtu huyu. Mnaandika "amekataa chakula" kumbe hakuona chakula. Nunueni sahani za plastiki nyekundu au za buluu pale sokoni Kibuye. Anayekohoa akinywa maji apewe uji mzito, akae wima kabisa, abaki amekaa nusu saa baada ya kula. Omena wenye miiba wasahau kwake.

4. Usimzike mume wake kila siku

Mama akiuliza baba Otieno amechelewa wapi, na baba Otieno alifariki zamani, ukimwambia "alikufa" anapokea msiba huo upya, na kesho utamwambia tena. Mwambie, "Unamngoja. Huwa anapenda chakula gani akija?" Mwache azungumze. Vilevile uacheni huu mtihani wa "Dani (nyanya), mimi ni nani?" Sema jina lako mwenyewe, kila mara ukiingia, hata kama umetoka chumbani dakika mbili zilizopita. Mwite kwa jina analolijua: Dani, Kukhu, Shosho, Gogo, Mwalimu. Aliyekuwa karani wa reli miaka 30 huenda ataitika "Karani" na asiitike jina la kitambulisho.

5. Kuoga

Maji yawe tayari na yapimwe kwa kiwiko, mfunike leso, anza miguuni, kichwa mwisho.

6. Wape kazi

Hapa ndipo nyumba nyingi hupoteza pesa. Wananunua televisheni kubwa, wanawapanga wazee ukutani, wanaita hayo maisha ya pamoja. Mzee mwenye dimenshia hafuati taarifa ya habari. Anasikia mtu anayelia na bunduki zinazolia, na jioni anaogopa bila kujua kwa nini.

Leta debe la dek na osuga, mboga zetu za majani, saa tatu asubuhi, mwage kwenye meza ya chini yenye kivuli, kaa hapo. Usitoe maelezo. Chukua shina moja, chuma majani, weka bakuli. Subiri. Mama ambaye hajui leo ni siku gani atanyoosha mkono, atapinda shina kwa kidole gumba, atavua majani kwa mkupuo mmoja, na akiona umeacha jani lenye madoa atakuondolea na kukutazama vile alivyomtazama mkwe wake. Maarifa ya mikono hukaa sehemu ya ubongo inayochelewa kushambuliwa. Mboga ziishe zikipikwa siku hiyohiyo, nao waambiwe, "Hizi mlichambua nyinyi." Meza ya watu 4 hadi 6 inatosha. Wakifika 10 wanaanza kukwaruzana.

Wanaume mnawasahau. Mvuvi wa Dunga mpe kamba na wavu uliochanika, bila ndoana. Aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha sukari cha Miwani au Muhoroni mwambie akusaidie kuhesabu magunia matupu. Shabiki wa Gor Mahia muulize kuhusu mwaka 1987, waliposhika Kombe la Washindi la Afrika mbele ya Espérance ya Tunis. Hata kama hataweza kutaja jina la mchezaji, utaona mabega yanavyoinuka. Usimsahihishe akikosea mabao.

Kwaya ya kanisa ije mara moja kwa wiki, saa ileile, nyimbo zilezile. Kigeni hakihitajiki. Na taa ziwashwe saa kumi na moja na nusu jioni, kabla vivuli havijaanza kurefuka, maana hapo ndipo wengi huanza kutafuta njia ya kwenda kwao. Taa ya sola iwe na chaji, stima hupotea bila kubisha hodi.

7. Geti, bodaboda na majirani

Mzee atatoka siku moja, hata mfanye nini. Pakeni geti rangi moja na ukuta, asilitambue. Shoneni namba ya simu ya nyumba ndani ya kola, si mfukoni. Pigeni picha mpya kila baada ya miezi 3. Nendeni na wazee wenyewe, kwa miguu, mpaka steji ya bodaboda na kibanda cha mboga, wajulikane kwa sura. Vijana wa steji ndio ulinzi wenu wa kwanza na hawadai mshahara, ila wasalimieni kila siku.

Akipotea, mtu mmoja akague choo, stoo na chini ya vitanda kwa dakika 5, mwingine akimbilie penye maji: mtaro, kisima, ufuo. Polisi waambiwe papo hapo, msingoje saa 24.

Majirani waelezwe ugonjwa huu kabla hawajauona. Mama anayezurura usiku nusu uchi akigonga milango, huku kwetu ataitwa jajuok, mchawi, kabla ya kuitwa mgonjwa. Mwezi Oktoba 2021 huko Marani, Kaunti ya Kisii, wanawake wazee 4 waliuawa na umati wakishutumiwa uchawi. Kwa hiyo zungumzeni na chifu, na mzee wa mtaa, na kina mama wa chama, na mseme kwa sauti kwamba ni ugonjwa wa ubongo.

8. Pesa

Familia nyingi haziwezi kulipia mzee alale kwetu mwezi mzima, na msiwafukuze kwa sababu hiyo. Pesa za Inua Jamii, msaada wa serikali kwa wazee, ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Daipa 3 kwa siku ni 90 kwa mwezi, gawanya uone kila moja inabakiwa na shilingi ngapi. Njia ya kupunguza ni choo kwa ratiba: akiamka, baada ya kila mlo, saa kumi, kabla ya kulala. Wengi watabaki na daipa ya usiku tu, na ngozi yao itawashukuru.

Wapendekezee familia malezi ya mchana, asubuhi hadi jioni, siku 3 kwa wiki. Binti anayemtunza anapata kufungua kibanda chake, mama anapata wenzake, na anarudi kulala kitanda anachokijua. Ndugu walio Nairobi na ng'ambo wagawane vitu, si lawama: mmoja daipa, mmoja dawa, mmoja nauli. Ndugu anayetuma pesa kwa kitu anachokijua kwa jina hachoki upesi.

9. Daftari

"Alisumbua" lisiandikwe tena. Andika hivi: "Saa nane usiku aliamka, alishika tumbo chini upande wa kulia, alikojoa kidogo mara 4, joto 36.8, sukari 6.1, choo kikubwa mara ya mwisho Alhamisi, maji vikombe 3 tangu asubuhi." Anayepokea zamu alisome mbele yako, mwende wote wawili mpaka kitandani, mmsalimie mzee kwa jina lake, ndipo uvue aproni uende nyumbani.