Ukikandamiza probu, mishipa inapotea

Nilipoanza kupima uvimbe kwa dopla (ultrasaundi inayoonesha kwa rangi damu inavyotembea) nilikuwa na mkono mzito, nabonyeza probu, kile kifaa cha mkononi kinachogusishwa kwenye ngozi, kama mtu anayegonga muhuri. Siku moja nimepima uvimbe kwenye titi, rangi hakuna hata chembe, nikaandika fasta "hauna mishipa". Mwenzangu mzoefu akaja, akamwaga jeli ya kutosha, probu akaiegesha juu juu tu kama inaelea, mara skrini ikawaka, mshipa huo unaingilia ubavuni mwa uvimbe umejipindapinda kama mzizi. Nilitamani ardhi ipasuke.

Iko hivi, uvimbe ukitaka kuzidi milimita 1 au 2 lazima ujiotee mishipa ya damu, hoja aliyoitoa daktari mpasuaji Mmarekani Judah Folkman mwaka 1971, sasa mishipa yenyewe inajengwa hovyo hovyo, myembamba, imepinda, mingi haina misuli ya maana ukutani na damu humo inaenda mwendo wa kinyonga. Ukibonyeza tu inafunga.

Kwa hiyo legeza mkono kwanza ndo uguse mashine. Shusha skeli ya kasi (kiwango cha kasi ya damu ambacho mashine imewekwa kuonesha), maana kama imeachwa ya mshipa mkubwa wa shingo hutaona kitu hapo, filta inayochuja mwendo wa polepole nayo shusha. Geini (ukuzaji wa mawimbi yanayorudi) pandisha mpaka chenga za rangi zianze kutapakaa kila mahali, halafu rudisha kidogo kidogo mpaka zitulie. Boksi la rangi (kile kieneo cha picha ambamo rangi hutokea) libane kwenye uvimbe na pembeni kidogo basi, ukilitanua picha inaanza kukwamakwama. Mgonjwa asiongee (na wewe usimwongeleshe, hapo mimi bado nafeli). Ukikosa kabisa jaribu pawa dopla, aina nyingine ya dopla, kwa kawaida haikuoneshi damu inaelekea wapi ila inanasa hata ile inayotiririka kidogo sana. Kuna na dawa ya vipovu inayochomwa kwenye mshipa, ila hiyo daktari ndo anaamua.

Halafu usione rangi nyingi ukaanza kumtisha mtu. Jipu linawaka pembeni vizuri tu, na faibroadenoma, uvimbe wa titi usio saratani, inaweza kuwa na mishipa yake, jibu linatoka kwenye biopsi, yaani kipande cha uvimbe kinachopimwa maabara.

Ile ripoti yangu niliifuta. Na siku hizi hata rangi isipotokea siandiki tena "hauna mishipa", naandika "mishipa haikuonekana kwa dopla".