Kijiji chenye mizimu kwenye mchezo wa dadu: iache mizimu, anza na miko

Mkuu, umeuliza namna ya kujenga kijiji chenye mizimu kwa kundi lako la mchezo wa dadu (ule wa mezani ambao mwendesha mchezo anasimulia hadithi na kila mchezaji anaigiza mhusika wake), kwa sababu kila ukiuleta mzimu wachezaji wanacheka. Nimepita hapo hapo. Naendesha mchezo kwa watu watano hapa Tanga, na kijiji changu cha kwanza kilikuwa kichekesho kitupu.

Nilijaza kila kitu: ngome juu ya kilima, popo, mifupa inayotembea, bwana mkubwa mnyonya damu. Nikawasomea nusu ukurasa wa ukungu kwa sauti nzito. Nilipomaliza mmoja akauliza, "Hii ni Lushoto mwezi wa saba?" Kikao kikafia hapo. Nilikuwa nawatisha kwa vitu ambavyo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuviogopa utotoni.

Dawa niliipata Gedi. Kwa asiyepajua, ni mji wa mawe ya matumbawe ndani ya msitu, karibu na Watamu, Kenya, ulioachwa na watu mwanzoni mwa karne ya 17. Kuna kaburi lina tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Wareno walikaa Malindi, jirani kabisa, na hawakuutaja mji huu popote. Kwa nini watu waliondoka, wanabishana hadi leo: wengine wanasema maji ya visima yalishuka, wengine Wazimba, wapiganaji waliopita pwani mwaka 1589, wengine kuhama kwa mtawala wa Malindi kwenda Mombasa Wareno walipoanza kujenga ngome yao kule 1593, wengine Waoromo walioshuka kutoka kaskazini. Kando ya msikiti mkuu kipo kisima kilichochimbwa tena kwenda chini zaidi, kuyafuata maji. Nilisimama pale nikaona kijiji changu chote kimo ndani ya shimo hilo.

James Kirkman, aliyechimba magofu hayo kuanzia 1948, alieleza kwamba mwanzoni alihisi kuna kitu nyuma ya kuta kinamtazama, si kwa uadui wala kwa urafiki, kinangoja tu. Shika hilo neno kungoja. Mzimu unaokurukia utauzoea dakika tano. Huu unaongoja hauzoeleki.

Kitu kingine nilichoiba pale ni majina ya nyumba. Nyumba nyingi zimepewa majina ya vitu vilivyookotwa humo: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, na kadhalika. Nikafanya hivyo hivyo. Kila nyumba ya magofu ina kitu kimoja tu kilichobaki, basi, na sielezi chochote. Nyumba ya Mkasi ina mkasi uliofunguliwa, umewekwa juu ya kizingiti. Wachezaji walibishana dakika 20 kama uliwekwa ili kitu kisiingie au kisitoke. Mimi nakunywa chai zangu.

Sasa kijiji chenyewe. Nilikiita Kisimajuu: nyumba za udongo na makuti, watu kama 60, wanaishi kando ya mji wa mawe ulioachwa. Babu zao walihama kiu ilipowazidi, wakaacha makaburi bila mtu wa kuyatunza. Baadaye wakarudi kimyakimya, wakang'oa mawe ya makaburi wakajengea. Kwa hiyo kila nyumba ina jiwe lisilo lake. Wanakijiji hawalitaji jambo hilo, ila wanaishi kwa miko saba.

Mingi ya miko hiyo sikuitunga, mkuu. Niliiokota kwa bibi yangu: usiitike ukiitwa jina usiku mara moja tu, usipige mluzi usiku, usifagie nyumba usiku, usiazime sindano giza likishaingia, ukitaka chumvi usiku usiitaje kwa jina lake. Mbili za mwisho niliongeza za kisima. Hapa ndipo kicheko kilipokatika. Watu wazima, mmoja fundi simu, mwingine mwalimu wa hesabu, wote waliwahi kuchapwa kwa kupiga mluzi usiku. Huhitaji kuwaeleza kwa nini waogope, walishaelezwa wakiwa na miaka sita.

Na hesabu yake ni hii. Mezani naweka bakuli la bati na kete saba za bao pembeni. Mtu akivunja mwiko, natumbukiza kete moja. Sisemi kitu. Wanasikia tu "ting".

Mara ya kwanza alikuwa fundi simu. Mhusika wake, mpiga mishale, amelala kwenye kibaraza cha mama mmoja mjane. Nikamwambia, "Unasikia sauti ya dada yako inakuita." Akajibu palepale, "Naam, niko huku." Ting. Mwalimu akamtazama, akasema taratibu, "Umeitwa mara ngapi?" Hatukuwa gizani wala nini. Ilikuwa Jumapili saa tisa alasiri, jua kali, redio ya jirani inatangaza mpira kwa nguvu zote. Naona watu humu wanashauri mshumaa na muziki wa kutisha. Mimi nasema hivyo vinamsaidia mwendesha mchezo asiye na kitu.

Kuhusu mapigano: usiupe mzimu pointi za uhai, yaani namba inayopungua kila ukipigwa hadi ufe. Ukishaupa, wataanza kuhesabu, na mzimu unaohesabika ni nguruwe pori mwenye shuka. Wenye hamu ya kupigana wape adui aliye hai. Wangu alikuwa mfanyabiashara anayenunua nguzo za makaburi kuwauzia matajiri ng'ambo. Hilo nalo halikutoka hewani. Vigango vya Wamijikenda, zile nguzo za kuchonga za kuwakumbuka wazee, viliibwa vingi vikaishia kwenye makumbusho za Marekani, na baadhi vimerudishwa.

Lakini hapo nilikosea, na nikarekebishwa. Mwanzoni niliviita vigango kwa jina lake hasa na nikavifanya vitembee usiku. Mchezaji wangu mwenye ndugu Kilifi akanisimamisha: "Kaka, hao ni koma, ni wazee wa watu. Hawakurukii. Wanakujia ndotoni wanakuomba kitu." Nikamwomba radhi, nikabadilisha nguzo ziwe za kubuni kabisa, ila ile ndoto nikaiomba niibakize. Tangu hapo kila kete ikiingia, mchezaji mmoja anapewa ndoto kwenye kikaratasi, peke yake: mtu asiyemjua anamwambia ana kiu, au anamwonesha jiwe la ukutani anauliza, "Hili unalalia wewe?" Haruhusiwi kuwaonesha wenzake, anaweza kusimulia tu. Wengine walificha. Mwalimu alidanganya vikao viwili mfululizo, kumbe jiwe lilikuwa kwenye kibaraza cha yule mjane, na mjane ameshamzoea.

Hawakuua kitu. Walirudisha mawe, moja baada ya jingine, na kila jiwe ni nyumba ya mtu inayobomoka na familia yenye hasira mlangoni. Ugomvi na mizimu ulichukua kikao kimoja, ugomvi na wanakijiji ukachukua vinne.

Uliuliza pia ramani. Chora mbili, ya mchana wape, ya usiku baki nayo. Tofauti iwe ndogo: njia moja inayoishia kisimani badala ya shambani. Ya mchana nitaipiga picha niiweke humu nikirudi nyumbani. Ya usiku mnisamehe, wawili kati yao wanausoma uzi huu, na bakulini kuna kete sita.